Skeli umeipata, lakini unaruhusiwa kuitumia? Mwongozo kamili wa kutafuta kipimo cha saikolojia na kuomba kibali

Kila msimu wa proposo ukifika naletewa kesi ile ile. Mtu ameshapata dodoso, ameshaprinti kopi mia mbili, pengine ameshaanza hata kukusanya data, alafu kamati ya maadili inamuuliza swali moja dogo tu, "kibali cha kutumia hiki kipimo kiko wapi?" na hapo ndo kila kitu kinasimama. Mwingine tatizo lake ni la upande wa pili kabisa, kakaa miezi miwili anasubiri imeili ya ruhusa ya skeli ambayo wala haihitaji ruhusa, imeandikwa wazi kwenye ukurasa wake kwamba tumia tu.

Wote wawili wamechanganya maswali matatu ambayo kila moja lina jibu lake: maswali ya hiyo skeli yako wapi, mwenye skeli ni nani, na mimi naruhusiwa kuifanyia nini. Ukipata jibu la swali la kwanza bado hujajibu la pili, na ukijibu la pili bado la tatu linakusubiri.

Nimeandika hasa kwa anayefanya utafiti, iwe wa shule au wa kazini. Anayetaka kipimo cha kumpimia mgonjwa kliniki, njia ni hii hii ila kwako vyeti na leseni ya kazi vitaangaliwa kwa ukali zaidi.

## Vitu vya kuwa navyo mkononi

Usianze kugugo kabla hujakusanya hivi:

- Sentensi moja inayosema unapima nini, kwa nani, na kwa kipindi gani cha maisha yake (wiki mbili zilizopita? mwezi? maisha yote?).
- Imeili ya chuo au taasisi. Imeili ya kawaida inafanya kazi ila wenye skeli wengi wanaipuuza, na wauzaji wengine hawaipokei kabisa.
- Muhtasari wa utafiti wako usiozidi ukurasa mmoja, na jina la msimamizi wako ambaye anajua kwamba unamtaja.
- Jedwali la kompyuta lenye safu hizi: jina la skeli, toleo, idadi ya maswali, makala ya kwanza, mwenye hakimiliki, masharti, tarehe uliyoandika, jibu.
- Akaunti ya maktaba. Databesi nyingi nzuri ni za kulipia na chuo chako pengine kinalipia tayari na wewe hujui.
- Muda. Mimi najipa wiki nane kati ya siku ya kutuma imeili ya kwanza na siku ya kupeleka proposo kwenye kamati, na mara nyingine zinaisha zote.

Hela nayo iweke akilini, maana kuna skeli zinauzwa kwa kila nakala utakayotumia na wewe una washiriki mia nne.

## Hatua ya 1: Sema unachopima kabla ya kutaja jina la skeli

Wengi wanaanza na "nataka PHQ-9" kwa sababu rafiki aliitumia. Ukimuuliza unapima nini anasema msongo wa mawazo. Sasa PHQ-9 ni ya dalili za sonona, inauliza wiki mbili zilizopita. Msongo kwa maana ya mtu kuhisi maisha yamemzidi nguvu, hiyo ni Perceived Stress Scale na yenyewe inauliza mwezi uliopita. Mahangaiko ya jumla ya nafsi kuna Kessler K10, siku 30. Mtu aliyechoshwa na kazi mpaka hajisikii tena kuwahudumia watu, hicho ni kitu kingine na kina vipimo vyake.

Kwa nini nang'ang'ania hapa? Kwa sababu ukiomba kibali cha skeli isiyopima kitu chako unaweza kukipata vizuri kabisa, alafu kwenye utetezi wa tasnifu ndo unavuliwa nguo.

Andika pia visawe vya kitu chako, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, maana databesi nyingi zinatafutwa kwa Kiingereza. Neno moja halitoshi. Upweke, kutengwa na kukosa watu wa kukusaidia vinaonekana kama ndugu wa tumbo moja ila kila kimoja kina skeli zake.

Hatua hii imekamilika pale ambapo mtu asiyejua utafiti wako akisoma sentensi yako anaweza kutofautisha kitu chako na jirani yake wa karibu.

## Hatua ya 2: Kusanya majina matatu hadi matano

Njia rahisi kuliko zote ni kusoma sehemu ya mbinu kwenye makala kumi za karibuni za mada yako. Usisome makala nzima, ruka moja kwa moja kwenye mbinu, andika jina la kipimo na chanzo walichotaja. Google Scholar inatosha kwa kazi hii. Ukifika makala ya saba utaona majina yanajirudia, na hayo ndo ya kwako.

Alafu pita maktaba. PsycTESTS ya chama cha wanasaikolojia cha Marekani, APA, ina taarifa za vipimo na vingi vimewekwa vizima na maswali yake, na uzuri wake mkubwa ni kwamba kila kipimo kina mstari unaoeleza ruhusa. Kuna vinavyoandikwa kwamba vinaweza kutumika kwa utafiti na elimu isiyo ya biashara bila kuomba kibali cha maandishi, na kuna vinavyokutuma kwa mchapishaji. Huo mstari umeniokolea wiki nyingi. HaPI inakuonyesha vipimo vya afya na jamii na nani alivitumia. Kwa vipimo vya kuuzwa angalia Mental Measurements Yearbook ya kituo cha Buros kilichopo Chuo Kikuu cha Nebraska, tathmini hizo zilianza kutolewa mwaka 1938, pale hupati maswali yenyewe ila unapata wataalamu wasio na hisa wakikueleza kipimo kinafaa au ni jina tu. Mambo ya kiafya kuna databesi ya COSMIN inayokusanya mapitio ya ubora wa vipimo.

Usiache kumuuliza mkutubi. Watu wanaogopa sijui kwa nini, wakati ndo kazi yake na anaifanya kwa dakika kumi wewe umehangaika siku tatu.

Usibaki na jina moja. Mwenye skeli akikukatalia au akikaa kimya lazima uwe na wa kumkimbilia.

## Hatua ya 3: Fuata skeli mpaka chimbuko lake

Hapa ndo wengi wanateleza na hawajui wameteleza. Unasoma makala ya mwaka juzi, inasema wametumia skeli fulani na wanataja makala nyingine, unaifungua hiyo nyingine na yenyewe inataja nyingine. Endelea kurudi nyuma mpaka ufike kwa waliotunga maswali. Ndo makala utakayoitaja, na ndo yenye jina la mtu wa kumwandikia.

Ukifika kwenye chimbuko kagua toleo. Perceived Stress Scale ya mwaka 1983 ilikuwa na maswali 14 na toleo fupi la 4, baadae likaja la 10. Kipimo cha Beck cha sonona kipo cha 1961 na kipo BDI-II cha 1996, na sio kitu kimoja. DASS, inayopima sonona, wasiwasi na msongo kwa pamoja, ipo ya maswali 42 na ya 21, na ile ya 21 jumla zake unazizidisha mara mbili ndo zilinganishwe na ile ndefu. Ukiomba kibali cha "PSS" tu bila kusema la maswali mangapi, hata mwenyewe atakurudishia swali.

Onyo langu kubwa ni kuhusu PDF za mtaani. Mimi mwenyewe niliwahi kuchukua skeli ya Rosenberg ya kujithamini kwenye tovuti moja ya kupakia makaratasi ya wanafunzi. Maswali 10, yote yapo, nikafurahi. Data ikaja, alfa ya Cronbach (namba inayoonyesha maswali ya skeli yanavyokubaliana, ikiwa karibu na 1 ni nzuri) ikatoka chini ya 0.30, nikaanza kuwalaumu washiriki kwamba walijaza wakiwa na usingizi. Kumbe maswali matano kati ya yale kumi yanageuzwa wakati wa kuhesabu alama, yaani alama ya juu inakuwa ya chini na ya chini inakuwa ya juu, na aliyeipakia ile karatasi alikuwa ameondoa zile alama za kuonyesha yapi yanageuzwa. Nilipogeuza mambo yakakaa sawa. Ingekuwa kabadilisha na maneno ya maswali, nisingekuwa na cha kuokoa.

Kwahiyo hapa hakikisha unayo: makala ya kwanza, maswali kamili na machaguo ya majibu yake, na maelekezo ya kuhesabu alama. Kikikosekana kimoja kati ya hivyo, andika kwenye jedwali ukiombe kwenye imeili.

## Hatua ya 4: Jua skeli yako iko kundi gani

Hii ndo hatua ya kutulia nayo, maana ukishajua kundi kazi iliyobaki ni ya karani tu.

Kundi la kwanza ni mali ya umma au mwenyewe kashatoa ruhusa kwa wote. PHQ-9 na GAD-7 (hii ya pili ni ya wasiwasi) zimeandikwa wazi kwamba hakuna kibali kinachohitajika kuzitoa kopi, kuzitafsiri wala kuzisambaza. CES-D ya 1977 yenye maswali 20 ya sonona ni mali ya umma. Dodoso la DASS nalo hivyo hivyo, ila kitabu cha maelekezo chake kinauzwa. Kwa upande wa haiba kuna International Personality Item Pool, ghala la maswali zaidi ya 3,000 ambayo mtu yeyote anachota bila kumuomba mtu. Kuandika imeili kwa skeli za kundi hili ni kujichelewesha. Hifadhi ukurasa unaosema hivyo na uendelee na maisha.

Kundi la pili ni bure kwa masharti. Hakimiliki ipo ila mwenyewe kaweka mlango wazi ukifuata utaratibu wake. Edinburgh Postnatal Depression Scale ya 1987, ya sonona baada ya kujifungua, unaweza kutoa kopi mradi majina ya waandishi, kichwa cha makala na chanzo viwepo kwenye kila kopi, kila kopi jamani, sio kwenye tasnifu tu. Skeli ya Diener ya kuridhika na maisha, maswali matano, inatumika bila kuomba mradi umwache na sifa zake. SDQ, dodoso la tabia na hisia za watoto, unaweza kuitumia bure kwenye karatasi kwa kazi isiyo ya biashara, ila kuiingiza kwenye simu au fomu ya mtandaoni unahitaji idhini na tafsiri zinazokubalika ni zile zilizopitishwa tu. Watu wanasoma neno "bure" wanaacha kusoma kilichofuata.

Kundi la tatu ni skeli ya mtunzi ambaye hajasema chochote. Imetoka kwenye makala, maswali yamo kwenye jedwali au kiambatisho, hakuna neno la ruhusa popote. Chukulia inahitaji kibali. Na hapa kuna kona: mara nyingi mtunzi alipochapisha alimwachia mchapishaji wa jarida hakimiliki ya makala. Mtunzi anaweza kukubariki kuitumia kwenye utafiti, lakini kuyachapisha tena yale maswali kwenye makala yako ikawa ni ruhusa ya mchapishaji. Waulize wote wawili.

Kundi la nne ni bidhaa. BDI-II, vipimo vya akili vya Wechsler, State-Trait Anxiety Inventory ya wasiwasi, Maslach Burnout Inventory ya kuchoshwa na kazi yenye maswali 22, hizi zinauzwa na makampuni kama Pearson na Mind Garden. Hata kama umeiona nzima kwenye tasnifu ya mtu, ujue yule mtu pengine alikosea.

Na skeli inaweza kuhama kundi. Mini-Mental State Examination, kipimo kifupi cha kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, ilichapishwa kwenye jarida mwaka 1975 na kwa miaka mingi madaktari waliitoa kopi kama fomu ya kawaida ya hospitali, baadae haki zake zikawa mikononi mwa kampuni ya PAR na sasa fomu zinanunuliwa. Kwahiyo "wenzangu walitumia bure" sio hoja, angalia hali ya leo.

Mambo mawili niyamalize hapa hapa. Kumtaja mtunzi kwenye marejeo sio kibali, kumtaja ni adabu ya kitaaluma na kibali ni suala la haki ya mali, ni vitu viwili. La pili, kubadilisha maneno mawili matatu ili isionekane ni ile ile hakukuokoi kwenye hakimiliki na kunaua ubora wa kipimo, unabaki na hasara mbili. Hakimiliki nayo haifi haraka, Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, unaweka angalau miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi na nchi nyingi zimeweka 70, kwahiyo skeli ya miaka ya sitini usiione kizee ukadhani haina mwenyewe.

Ukitaka mfano wa madhara, tafuta habari za MMAS-8, skeli ya kupima kama mgonjwa anameza dawa zake kama alivyoelekezwa. Kuna makala zilizokwisha kuchapishwa zikaondolewa majaridani kwa sababu walioitumia hawakuwa na leseni.

## Hatua ya 5: Orodhesha utakachoifanyia

"Kutumia" ni neno pana sana. Kaa chini uandike kila kitu kitakachoipata hiyo skeli mikononi mwako, kwa sababu kila kimoja kinaweza kuhitaji ruhusa yake:

- kutoa kopi za karatasi, ngapi
- kuiweka kwenye fomu ya mtandaoni au kwenye simu
- kuitafsiri
- kupunguza maswali au kubadili machaguo ya majibu
- kuiweka nzima kwenye kiambatisho cha tasnifu, ambayo chuo kitaipandisha mtandaoni
- kuchapisha maswali kwenye makala
- kuitumia kwenye mradi wenye hela ndani yake

Kile cha kiambatisho ndo kinawaumiza wengi. Una kibali cha kukusanya data, ukakusanya vizuri, mwisho ukabandika skeli nzima nyuma ya tasnifu na dunia nzima ikaipakua. Kwa vipimo vya kuuzwa kawaida utaruhusiwa maswali machache tu ya mfano. Ukikuta skeli ina leseni ya Creative Commons, ambazo ni ruhusa za wazi mwenyewe anazoweka kwa wote, soma herufi: NC ni usifanyie biashara, ND ni usisambaze kilichobadilishwa, na tafsiri ni mabadiliko, kwahiyo skeli yenye ND usiisambaze kwa Kiswahili mpaka mwenyewe akuruhusu.

## Hatua ya 6: Andika imeili inayojibika

Mpelekee nani? Anza na mwandishi wa mawasiliano kwenye makala. Imeili ya makala ya miaka 15 iliyopita mara nyingi imeshakufa, kwahiyo tafuta jina lake kwenye ORCID, daftari la mtandaoni la watafiti, au kwenye makala yake ya mwisho uone yuko wapi sasa. Kwa mchapishaji, fungua ukurasa wa makala utafute sehemu ya ruhusa, nyingi zinakupeleka kwenye mfumo wa RightsLink ambao unajaza na kupata jibu hapo hapo. Angalia lakini, kile unachopewa na RightsLink ni haki ya kuchapisha tena kilichomo kwenye makala, soma kama kinahusu na matumizi ya kipimo chenyewe.

Imeili iwe fupi na maswali yawe ya ndiyo au hapana. Mtu mwenye shughuli akikutana na kurasa mbili za historia ya tatizo anasema nitaisoma kesho, na kesho haifiki. Mfano wake ni huu, geuza kwenda lugha anayotumia mwenye skeli:

"Mheshimiwa Profesa, mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili chini ya usimamizi wa (jina). Nafanya utafiti kuhusu (sentensi moja) kwa washiriki wapatao 300, kati ya mwezi (fulani) na mwezi (fulani). Naomba kibali cha kutumia skeli yako ya (jina, toleo, idadi ya maswali), iliyochapishwa mwaka (fulani). Utafiti huu si wa kibiashara.

Naomba unijibu haya: 1. Naruhusiwa kuitumia kwa karatasi na kwa fomu ya mtandaoni yenye nywila? 2. Naruhusiwa kuitafsiri kwa Kiswahili, au ipo tafsiri tayari? 3. Naruhusiwa kuiweka yote kwenye kiambatisho cha tasnifu? 4. Kuna gharama au fomu ya kujaza? 5. Hakimiliki ni yako au ya mchapishaji?

Kama inawezekana naomba pia maelekezo ya kuhesabu alama. Nitakutumia muhtasari wa matokeo nikimaliza."

Ile ahadi ya mwisho usiiandike kama hutaitimiza. Wenye skeli wengi wanataka kweli kujua inafanyaje kazi kwingine, na ndo kinachowafanya wajibu.

Imeili moja kwa skeli moja. Na tafadhali kichwa cha imeili kiseme jambo lenyewe, "Ombi la kutumia skeli ya fulani", sio "Habari" wala "Msaada wa haraka".

Jibu zuri ni lile lenye jina la skeli, jina lako au la utafiti wako, na ndiyo kwa kila ulichouliza. Akikujibu "sawa, kila la heri" tu, shukuru alafu mrudie kwa upole: "Nathibitisha nimeelewa kwamba umeruhusu haya yafuatayo..." uyaorodheshe. Akijibu hata kwa neno moja, una karatasi yenye uzito.

## Hatua ya 7: Ukimya

Wiki mbili zikipita kumbusha kwa mistari mitatu ukiwa umeambatanisha ile ya kwanza. Mbili nyingine, waandikie waandishi wenza, mara nyingi yule wa mwisho kwenye orodha ndo bosi wa maabara na yupo bado. Kama mtunzi amefariki jaribu mchapishaji, idara aliyofundisha, au anayesimamia kazi zake. Morris Rosenberg kwa mfano alifariki mwaka 1992 na skeli yake bado inapatikana bure kwa utafiti na elimu, kwahiyo kifo hakifungi mlango.

Ukimya haumaanishi amekubali. Nimeona watu wanaandika kwenye proposo "mtunzi hakujibu hivyo tunaendelea", kamati nyingi hazipiti hapo. Wiki ya sita mimi nahamia kwenye jina la pili kwenye orodha, bila kinyongo.

Mabadilishano ninayoyajua: badala ya Maslach kuna Copenhagen Burnout Inventory, maswali 19, ya 2005. Badala ya BDI-II chukua PHQ-9 au CES-D. Badala ya vipimo vya haiba vya NEO kuna skeli za International Personality Item Pool zilizotengenezwa makusudi kupima vitu vile vile. Badala ya State-Trait Anxiety Inventory wengi wanakimbilia GAD-7, ila hapo kuwa makini, GAD-7 inauliza dalili za wiki mbili na haitenganishi wasiwasi wa sasa hivi na wasiwasi ambao ni tabia ya mtu. Ukibadili skeli rudi hatua ya 1 usome sentensi yako upya.

## Hatua ya 8: Kama lazima ununue

Wauzaji wana madaraja ya wanunuzi, Pearson kwa mfano wana A, B na C. A ni wazi kwa karibu yeyote, C inataka mafunzo ya juu na vyeti vya kutoa tafsiri ya matokeo. Mwanafunzi kawaida ananunua kupitia msimamizi ambaye ana vigezo, kwahiyo mwambie mapema, asije akashtukia fomu ina sahihi yake.

Uliza punguzo la wanafunzi, wengine wanalo na hawalitangazi. Hesabu leseni kwa idadi ya kujaza na sio idadi ya watu, maana utafiti wa kabla na baada unamla mtu mmoja leseni mbili. Ongeza na za majaribio.

Ukishanunua unalinda. Usiitume kwenye grupu la WhatsApp la darasa. Kipimo cha akili kikishasambaa watu wanakariri majibu na kinakufa, hiyo ndo sababu ya msingi kuliko hata hela ya kampuni.

## Hatua ya 9: Tafsiri

Kwanza uliza kama ipo tayari. PHQ na nyingine za aina yake, na vipimo vingi vya Shirika la Afya Duniani kama AUDIT ya pombe, vimeshatafsiriwa kwa lugha nyingi. Ukikuta tafsiri ndani ya makala ya mtu, huyo mtafsiri naye muombe, usimuombe mtunzi wa asili peke yake.

Kama haipo na umeruhusiwa, watu wawili watafsiri kila mmoja kivyake, mkae mziunganishe, mtu wa tatu ambaye hajaiona ya asili airudishe kwenye lugha ya mwanzo, alafu mlinganishe. Baadae ikae mbele ya watu kumi hivi wa aina ya washiriki wako, kila swali uwaulize "umeelewa nini hapa?" Hicho kipengele cha mwisho watu wanakiruka na ndo chenye dhahabu. GAD-7 swali la kwanza kwa Kiingereza lina msemo wa mtu kuwa "ukingoni". Ukiutafsiri hivyo hivyo, mshiriki atakuuliza ukingoni mwa nini? Unatafuta namna watu wanavyosema kweli, roho juu, kutotulia. CES-D nayo ina swali linalotumia jina la rangi kumaanisha huzuni, ukilihamisha neno kwa neno unapata kichekesho. Miongozo ya Tume ya Kimataifa ya Vipimo, ITC, toleo la pili la 2017, inaeleza kazi hii kwa urefu na ni bure.

Usiondoe swali kwa sababu linakuogopesha. Swali la tisa la PHQ-9 linauliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru, na ukilitoa haiwi PHQ-9 tena. Huna namna ya kumsaidia atakayejibu ndiyo? Tumia PHQ-8, ipo rasmi bila hilo swali. Ukilibakiza, uwe na mpango ulioandikwa wa nani anampokea huyo mtu siku hiyo hiyo, kabla hujaprinti kopi ya kwanza.

## Hatua ya 10: Hifadhi ushahidi

Fungua folda moja kwa kila skeli. Weka imeili zote kama PDF na tarehe zake, leseni na risiti, makala ya chimbuko, na kwa skeli za bure weka nakala ya ukurasa unaosema ni bure. Huo ukurasa uhifadhi pia kwenye Wayback Machine, ghala la mtandaoni la nakala za kurasa za tovuti, tovuti zinahama na baada ya miaka miwili mhariri wa jarida akikuuliza utakuwa unamuonyesha ukurasa uliopotea.

Kwenye sehemu ya mbinu andika mstari mmoja: skeli imetumika kwa kibali cha nani, cha tarehe gani. Kama mwenyewe kakupa maneno ya hakimiliki ya kuweka chini ya dodoso yanakili kama yalivyo, usiyapambe.

Kibali kile ni cha utafiti ule. Ukianza mradi mwingine, au ukihama kutoka karatasi kwenda simu katikati ya kazi, au sampuli ikitoka 300 ikawa 900, mwandikie tena. Safari hii anakufahamu, jibu linakuja haraka.